Kazi za kompyuta Rhotia: Tusirudie ya mbaazi

Na Mwandishi Wetu

MKULIMA wa Rhotia hahitaji kufundishwa darasani maana ya soko la mnunuzi mmoja. Somo hilo alilipata mwaka 2017, na ada aliyolipa ilikuwa magunia ya mbaazi. Agosti 5 mwaka huo Serikali ya India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazoingizwa nchini humo. Huku kwetu bei, ambayo misimu michache kabla ilikuwa imevuka Sh. 2,000 kwa kilo, iliporomoka hadi chini ya Sh. 200 katika maeneo mengi yanayolima zao hilo. Mkulima hakuwa amekosea lolote shambani. Mbegu zilikuwa zile zile, jembe lile lile na mbaazi nzuri zile zile. Kilichobadilika ni karatasi iliyotiwa saini mjini Delhi.

Ukurasa huu unaanza na mbaazi kwa makusudi. Katika miaka ya karibuni imekuwa ikinadiwa bidhaa mpya ambayo, kwa mujibu wa wanaoinadi, inaweza kuzalishwa na kijiji chochote chenye umeme na mtandao, haihitaji mvua, haiozi ghalani na haina ushuru wa kizuizini. Bidhaa hiyo ni saa za kazi za vijana mbele ya kompyuta, zinazouzwa kwa makampuni ya ng'ambo. Wafadhili wanaiita njia ya kuondoa umaskini. Wafanyabiashara wanaiona kama kitega uchumi. Swali la mwekezaji mdogo wa Karatu, Arusha au Babati mwenye akiba yake ya milioni kadhaa ni rahisi kuuliza na gumu kujibu: je, fedha hiyo iwekwe humo?

Bidhaa yenyewe ni ipi?

Tuanze na bidhaa, kwa sababu mfanyabiashara asiyeijua bidhaa yake ni mchuuzi wa ndoto. Kampuni ya London au San Francisco inapokuwa na kazi ndogo ndogo nyingi ambazo mashine haiwezi kuzifanya peke yake, huigawa kazi hiyo kwa mkataba kwa kampuni nyingine yenye watu wa ujira nafuu. Zamani kazi hizo zilikuwa hasa kunakili fomu za karatasi kuingia kwenye kompyuta. Baadaye zikaja kazi za kuweka alama kwenye picha, yaani kuionyesha mashine kwamba hili ni gari, huyu ni mtu na ule ni mti, ili gari linalojiendesha lisimgonge mtu. Ziko pia kazi za kuandika maneno yaliyorekodiwa kwa sauti, kutafsiri, kuhakiki anwani, na kuchuja picha na maandishi machafu yanayowekwa kwenye mitandao ya kijamii.

Uamuzi wa kuzipeleka kazi hizo makusudi kwa watu maskini una historia yake. Mwaka 2001 shirika la Digital Divide Data lilianza Phnom Penh, Cambodia, likiwaajiri vijana waliomaliza sekondari na wakati huo huo likiwasaidia kuendelea na masomo. Mwaka 2011 lilifungua kituo Nairobi. Nchini India, kampuni ya RuralShores iliyoanzishwa mwaka 2008 iliweka kituo chake cha kwanza Bagepalli, mji mdogo katika jimbo la Karnataka, kwa hoja kwamba kijana wa kijijini afuatwe na kazi badala ya yeye kuifuata kazi Bangalore.

Katika Afrika Mashariki jina linalojulikana zaidi ni Samasource, ambayo sasa inaitwa Sama. Ilianzishwa mwaka 2008 na Leila Janah, Mmarekani aliyefariki Januari 2020. Ilifanya kazi Nairobi na pia Gulu, kaskazini mwa Uganda, mji uliokuwa umetoka vitani. Ilianza kama shirika lisilo la faida, kisha ikageuka kampuni, na mwaka 2019 ikakusanya mtaji wa dola milioni 14.8 kutoka kwa wawekezaji. Mfuko wa Rockefeller nao ulizindua mwaka 2013 mpango wake wa ajira za kidijitali barani Afrika katika nchi sita: Misri, Ghana, Kenya, Morocco, Nigeria na Afrika Kusini. Tanzania haikuwemo.

Kwa nini Rhotia?

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tunaitaja Rhotia na si Dar es Salaam. Sababu ni kwamba Rhotia ina karibu kila kitu kinachotajwa na wanaouza wazo hili, na pia ina kila hatari wanayoisahau.

Iko kando ya barabara ya lami itokayo Makuyuni kupitia Mto wa Mbu, ikapanda ukingo wa Bonde la Ufa na kuendelea hadi lango la Ngorongoro. Ukisimama hapo asubuhi utahesabu magari ya watalii hadi uchoke, yote yakiwahi kreta. Fedha nyingi za kigeni hupita Rhotia kila siku kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, zikipunguza kasi kwenye matuta tu. Wakazi wengi ni wakulima, Wairaqw kwa idadi kubwa, wa mahindi, maharage, ngano na mbaazi.

Tangu Serikali ilipoanza kujenga sekondari za kata kwa wingi kupitia mpango wa MMES mwaka 2004, na ada kufutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, vijijini kumejaa vijana wenye cheti na wasio na kazi ya cheti. Wilaya ya Karatu ina historia nyingine ambayo wengi hawaijui. Shirika la Powering Potential, lililoanzishwa na Mmarekani Janice Lathen, lilipeleka kompyuta zinazotumia umeme wa jua katika sekondari za wilaya hiyo, Banjika ikiwa miongoni mwake, na baadaye likatumia kompyuta ndogo za Raspberry Pi ambazo hunywa umeme kidogo sana. Kwa hiyo kijana wa Karatu aliyewahi kushika kipanya cha kompyuta akiwa shuleni si hadithi ya kubuni.

Tatizo ni baada ya shule. Kijana huyo ana njia tatu: kubaki na jembe, kutafuta kibarua katika hoteli na kambi za watalii, au kupanda basi kwenda Arusha. Utalii nao una mnunuzi wa mbali kama mbaazi. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii 1,527,230. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga viwanja vya ndege duniani, walikuja 620,867. Kijana wa Rhotia aliyekuwa mpishi au mpagazi alirudi shambani bila barua ya kufukuzwa kazi.

Hapo ndipo kazi ya kompyuta inapovutia. Lakini kabla ya kuvutiwa, tupige hesabu.

Hesabu ya chumba cha watu kumi

Tumchukue mwekezaji anayetaka kufungua chumba cha kazi chenye vijana 10, msimamizi mmoja na mkaguzi mmoja wa ubora. Viwango tunavyotumia hapa ni vya mfano, na kila msomaji aweke vyake. Kinachotakiwa ni kuona hesabu inavyotembea.

Vifaa kwanza. Kompyuta 12 kwa Sh. 1,200,000 kila moja ni Sh. 14,400,000. Betri na vifaa vya umeme wa akiba ni Sh. 3,600,000. Jumla Sh. 18,000,000. Tukizihesabu kuwa zitadumu miezi 36, kila mwezi zinakula Sh. 500,000 za uchakavu.

Sasa gharama za mwezi. Vijana 10 kwa Sh. 400,000 kila mmoja ni Sh. 4,000,000. Msimamizi na mkaguzi kwa Sh. 600,000 kila mmoja ni Sh. 1,200,000. Mishahara yote ni Sh. 5,200,000. Mchango wa mwajiri NSSF wa asilimia 10 ni Sh. 520,000. Kodi ya kuendeleza ufundi stadi, kwa kiwango cha asilimia 3.5 kilichowekwa mwaka 2023, ni Sh. 182,000. Mchango wa mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, asilimia 0.5, ni Sh. 26,000. Mtandao Sh. 500,000, pango Sh. 300,000, umeme Sh. 250,000, mhasibu na mengineyo Sh. 400,000. Ukijumlisha na uchakavu unapata Sh. 7,878,000 kwa mwezi.

Mapato je? Vijana 10 wakifanya kazi saa 8 kwa siku 22 wanatoa saa 1,760. Tuseme mteja analipa dola 4 kwa saa, na dola tuihesabu kwa Sh. 2,500, yaani Sh. 10,000 kwa saa. Mwekezaji mgeni atakimbilia kuzidisha 1,760 kwa 10,000 na kuanza kuota Sh. 17,600,000. Asubiri kidogo. Mteja hailipii saa ya mafunzo, wala ya kazi iliyokataliwa kwa makosa, wala ile ambayo umeme au mtandao haukuwepo, achilia mbali siku ambazo kazi haikuletwa kabisa. Tuseme zinazolipwa ni asilimia 60, yaani saa 1,056. Mapato ni Sh. 10,560,000 na faida kabla ya kodi ya mapato ni Sh. 2,682,000. Si haba.

Lakini tazama pembeni mwa hesabu hiyo. Saa zinazolipwa zikishuka hadi asilimia 40, mapato yanakuwa Sh. 7,040,000 na chumba kinapata hasara ya Sh. 838,000 kwa mwezi. Saa zikibaki asilimia 60 lakini mteja akashusha bei kutoka dola 4 hadi dola 3, mapato ni Sh. 7,920,000 na faida inabaki Sh. 42,000, ambayo haitoshi hata kununua matairi mawili ya bodaboda yenye ubora. Dola moja tu imekula biashara nzima.

Liko pia suala la kusubiri malipo. Wateja wakubwa hulipa baada ya siku 60, pengine zaidi, ilhali mishahara ya vijana haisubiri. Gharama taslimu za miezi miwili, bila uchakavu, ni Sh. 14,756,000. Ongeza vifaa vya Sh. 18,000,000 na utaona kwamba mwekezaji anahitaji karibu Sh. milioni 33 kabla ya dola ya kwanza kugonga akaunti yake. Anayeingia na milioni 18 za vifaa peke yake atafunga mwezi wa pili, na kompyuta zake tutazikuta mnadani.

Nairobi imefundisha nini?

Jirani zetu wametangulia, na waliotangulia huacha alama za miguu. Januari 2023 jarida la TIME la Marekani liliripoti kwamba mwishoni mwa 2021 kampuni ya OpenAI, inayotengeneza programu ya ChatGPT, iliingia mikataba mitatu na Sama yenye thamani ya jumla ya dola 200,000 hivi. Wafanyakazi wa Nairobi walisoma maandishi ya ukatili na udhalilishaji na kuyawekea alama, ili mashine ijifunze kuyatambua. Kwa mujibu wa ripoti hiyo mkataba ulitaja dola 12.50 kwa saa, na wafanyakazi walipata mkononi kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Sama ilijibu kuwa dola 12.50 zilibeba gharama zote za uendeshaji. Februari 2022 ilivunja mikataba hiyo miezi minane kabla ya muda wake.

Msomaji wa ukurasa huu ambaye amekwisha kuona hesabu ya chumba cha Rhotia hatashangaa kwamba kati ya bei ya mteja na mshahara wa mfanyakazi kuna pango, umeme na wasimamizi. Katika mfano wetu, kila Sh. 100 inayolipwa na mteja, vijana 10 wanagawana kama Sh. 38 tu. Linalopaswa kumshangaza ni jingine: kwamba kampuni iliyoanzishwa kwa nia ya kuinua maskini ilijikuta inawapa kazi ambazo tajiri hakutaka kuzifanya mwenyewe.

Kazi ya kuchuja picha za Facebook ilikuwa mbaya zaidi. Sama iliifanya Nairobi kuanzia 2019. Mei 2022 mfanyakazi wa zamani, Daniel Motaung wa Afrika Kusini, alifungua kesi dhidi ya Sama na Meta, kampuni mama ya Facebook. Januari 2023 Sama ilitangaza kuachana na kazi hiyo, na watu wapatao 260 wakaambiwa ajira zao zinakwisha. Wengi wao nao wakaenda mahakamani. Meta ilidai haiwezi kushitakiwa Kenya kwa kuwa haina ofisi ya kibiashara huko; Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya ilikubaliana na mahakama ya kazi kwamba inaweza. Desemba 2024 iliripotiwa kuwa zaidi ya 140 kati ya wafanyakazi hao walipimwa na daktari na kukutwa na maradhi ya akili yatokanayo na mshituko.

Kisha ipo hadithi fupi ya Machi 2024. Mtandao wa Remotasks, wa kampuni ya Kimarekani ya Scale AI, ambao maelfu ya vijana wa Kenya walikuwa wakifanyia kazi majumbani kwao, uliwafungia mlango ghafla. Hapakuwa na mgomo wala kesi. Mnunuzi aliondoka tu. Mkulima wa mbaazi angeitambua habari hiyo bila mkalimani.

Waya na swichi

Wanaonadi biashara hii husema siku hizi umbali umekufa. Ni kweli kwamba waya wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam Julai 2009 na ule wa EASSy mwaka 2010, na Mkongo wa Taifa ukaanza kusambaa mikoani, mambo yalibadilika. Umeme nao umeongezeka: mitambo yote tisa ya Bwawa la Julius Nyerere, yenye uwezo wa megawati 2,115, ilikamilika Aprili 2025.

Lakini Mei 12, 2024 nyaya hizo mbili za baharini zilipata hitilafu kwa pamoja, na nchi ikakaa siku kadhaa na mtandao wa kuokoteza. Kisha Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchini, na ilianza kurejea Novemba 3. Ukurasa huu si wa siasa. Unasema la biashara tu: mteja wa ng'ambo aliyekuwa akisubiri kazi Alhamisi, akaipata wiki iliyofuata, hatauliza chama gani kilishinda. Atauliza kama kuna chumba Nairobi, Kampala au Kigali kinachoweza kufanya kazi ile ile. Kwa mwekezaji, siku tano bila mtandao katika mwezi wenye siku 22 za kazi ni zaidi ya asilimia 20 ya uzalishaji, na tumekwisha kuona faida ilivyo nyembamba.

Iko na swichi nyingine, nayo imo ndani ya bidhaa yenyewe. Kijana anapoiwekea mashine alama kwenye picha, anaifundisha mashine hiyo kazi yake. Kadiri anavyoifundisha vizuri ndivyo inavyomhitaji kidogo. Kazi rahisi ndizo zinazokwisha kwanza, na kazi rahisi ndizo zinazopelekwa kijijini.

Mnunuzi wa karibu

Je, basi tuseme Rhotia ikae na jembe lake? La hasha. Ukurasa huu unaamini kuna biashara hapa, ila mlango wake si ule unaonadiwa.

Turudi India. Vituo vya vijijini kule vilitegemea sana wateja wa India yenyewe: benki, makampuni ya bima na ya simu. Mteja wa nyumbani analipa kidogo, lakini unaijua ofisi yake, na asipolipa unaweza kwenda kukaa mlangoni pake.

Mwenye chumba Rhotia anao wateja wa namna hiyo ndani ya mwendo wa saa chache. Makampuni ya utalii ya Arusha yana barua za wageni, ratiba na hesabu zinazowalemea kila msimu. SACCOS zina daftari za miaka zisizojulikana nani anadaiwa nini. Hospitali na zahanati zina mafaili ya wagonjwa yanayoliwa na mchwa. Vijiji vinaandaa hati za haki miliki za kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na kila hati ina majina, mipaka na ramani zinazotaka mtu makini wa kuziingiza kwenye kompyuta bila kukosea. Kukosea jina kwenye hati ya shamba ni kuanzisha kesi ya ukoo.

Kuna na bidhaa ambayo Nairobi haitupiti: Kiswahili. Makampuni yanayofundisha mashine kusikia na kuandika lugha yetu yanahitaji watu wanaosikia tofauti ya mnenaji wa Tanga na wa Mbulu. Kazi ya kuandika sauti kwa Kiswahili sanifu, na hata kwa Kiiraqw, si kazi ambayo mnunuzi anaweza kuihamishia Manila kesho asubuhi. Hapo muuzaji ana kauli juu ya bei.

Msomaji akumbuke pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Mafaili ya wagonjwa si magunia ya mahindi. Anayeyashika anatakiwa kujisajili kwa Tume inayohusika na kuyalinda. Gharama hiyo nayo iingie kwenye hesabu.

Maskini ni nani hasa?

Lipo swali moja ambalo wafadhili hawalipendi. Kituo kikisema kinawasaidia maskini, kinamwajiri nani? Kazi hizi zinataka Kiingereza cha kusoma maelekezo, kidato cha nne na vidole vyepesi. Aliye maskini kabisa Rhotia, mama mjane mwenye eka moja au kijana aliyeishia darasa la saba, hataitwa kwenye usaili. Anayeajiriwa ni yule ambaye pengine angepata kitu hata hivyo.

Hilo halifanyi biashara kuwa mbaya, ila linaitaka iseme kweli. Sh. milioni 4 za mishahara ya vijana 10 kila mwezi zikitumika katika magenge, vinyozi na mashine za kusaga za Rhotia ni fedha nzito kwa kata. Mjane atauza maziwa na mboga zaidi. Hiyo ni faida ya kweli, nayo inatosha bila kupakwa rangi ya sadaka. Hatari ya rangi ya sadaka ni kwamba humfanya mwajiri aone mshahara mdogo ni zawadi na mfanyakazi aone aibu kuuliza mkataba.

Ushauri kwa mwekezaji mdogo

Baada ya kuyapima yote, ukurasa huu unashauri hivi.

Usianze na vyumba, anza na mikataba. Mwenye mteja na kompyuta tano atamshinda mwenye kompyuta 50 na matumaini.

Mteja mmoja asivuke theluthi moja ya mapato. Akivuka, wewe si mfanyabiashara tena bali kibarua wake mwenye madeni.

Nusu ya kazi itoke ndani ya nchi, hata kama bei yake ni ndogo. Ya ng'ambo iwe mboga, ya nyumbani iwe ugali.

Kazi ya kuchuja picha za ukatili ikataliwe hata ikija na dola nono, isipokuwa kwa mkataba unaolipia daktari na mapumziko. Kijana akiharibika akili Rhotia, atakayemuuguza ni mama yake, si mteja.

Weka akiba ya gharama za miezi miwili, laini mbili za mtandao za makampuni tofauti, na umeme wa jua ambao sekondari za Karatu zilikwisha kuonyesha kwamba unafaa.

Na wafanyakazi wapewe nafasi ya kusoma, kama walivyofanya Phnom Penh. Kazi hizi hazidumu. Kijana anayeondoka na ujuzi wa hesabu za kampuni au utengenezaji wa programu ameondoka na kitu. Anayeondoka na ujuzi wa kuchora miraba kwenye picha za magari ameondoka mikono mitupu.

Wahenga walisema mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Mwaka 2017 mkulima wa Karatu hakuwa na wa kumsingizia wala namna ya kuliona lile karatasi la Delhi likija. Mwekezaji wa leo hana udhuru huo. Soko la kazi za kompyuta limekwisha kuonyesha Nairobi linavyopanda na linavyoshuka, na hesabu iko mezani. Atakayeingia kwa mkupuo mmoja na mnunuzi mmoja, siku mnunuzi huyo akiondoka, asije akasingizia mtandao.